E ya Fizikia haifutwi na GPA ya chuo

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, tesiti zilibana na field inanyemelea. Leo nina dukuduku, naomba nilitoe hapa kabla halijanikaba.

Juzi usiku hosteli tulikuwa wanne, chai ya rangi, stori za kawaida. Mwenzetu mmoja akauliza: "Hivi mtu ukimaliza hii digrii ya ualimu na GPA kali, si unaweza kwenda kusoma MD?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, manake swali hilo nimelala nalo tangu mwaka wa kwanza. Na hapa Udom ndiyo balaa, chuo ni kimoja, wanafunzi wa udaktari unapishana nao kila siku na makoti yao meupe mkononi, kwa hiyo kidonda hakipati muda wa kukauka.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Buger, kule Karatu, upande wa msitu wa Marang, ambako tembo akitoka hifadhini haulizi shamba ni la nani. Kidato cha sita nilisoma PCB. Matokeo yakaja: Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Piga hesabu ya pointi, C ni tatu, D mbili, E moja. Sita. Na MD wanataka pointi sita! Nilishangilia kama dakika kumi hivi, mpaka mtu akanionyesha maneno yanayofuata kwenye mwongozo wa TCU: angalau D katika kila somo, Fizikia, Kemia na Biolojia. Yaani mwenye D tatu ana pointi sita kama mimi, yeye anaomba, mimi siombi. Baba aliniambia, "Basi mwanangu, si umefaulu?" Nikamjibu ndiyo baba, nimefaulu. Nikaja ualimu wa sayansi, Biolojia na Kemia.

Sasa turudi kwenye swali. Nimeshapekua ule mwongozo mara nyingi kuliko notisi zangu. Kwenye safu ya MD unaingia kwa kidato cha sita, au unaingia kwa sifa linganishi, na sifa linganishi inayotajwa pale ni Diploma ya Utabibu, wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Digrii ya ualimu nimeitafuta humo sijaiona. Nimesoma kemia ya kikaboni hapa chuo, nimefanya praktiko mpaka vidole vikabadilika rangi, nimepata B+. Lakini nikitaka udaktari, kinachoangaliwa ni ile karatasi ya mtihani wa mwezi Mei, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Wenzetu Marekani wana utaratibu mwingine. Kule kwa kawaida huingii shule ya udaktari mpaka uwe na digrii ya kwanza, na aliyeharibu alama anaweza kuchukua masomo ya sayansi baada ya digrii ili aoneshe kwamba amebadilika. Alama mpya zinatiwa kwenye chungu kimoja na za zamani, zinachanganywa, ladha inatoka ya katikati. Zile shule zao za osteopathi zilikuwa zinaenda mbali zaidi, ukirudia somo alama mpya inaifuta ya zamani, ila mwaka 2017 wakaacha. Texas wana hata sheria inayomruhusu mwombaji kuachana na alama zenye zaidi ya miaka kumi. Sisemi kwao ni rahisi, wanalipa mno. Nasema tu kwamba wana chungu. Sisi hatuna chungu, tuna milango, na kila mlango una ufunguo wake.

Na mlango wa diploma unafanya kazi jamani, tusidanganyane. Nina jirani yangu kule nyumbani, tulimaliza kidato cha nne pamoja. Alama zake zilikuwa chini ya zangu. Mimi nikachaguliwa kidato cha tano, kijiji kizima kikanipongeza. Yeye akaenda kusoma utabibu, unahitaji D nne tu za kidato cha nne, tatu zikiwa Fizikia, Kemia na Biolojia, na watu wakasema maskini, amekosa. Kwao waliuza ng'ombe wawili. Amesoma miaka mitatu, akatoka na GPA juu ya 3.0, na mwaka huu wa masomo kaanza MD. Mimi niliyepongezwa nipo hapa naandaa andalio la somo.

Kinachoniudhi ni maneno ya humu hosteli kwamba hao wa diploma wamepita mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma? Huyu dada ameshazalisha wajawazito, amekaa zamu za usiku, kabla wenzake wa darasani hawajajua kufunga drip. Na nchi hii ilibebwa na watu wa aina yake. Tulikuwa na madaktari wasaidizi, AMO, matabibu waliorudi shule baada ya kufanya kazi, na hao ndio waliokuwa wanapasua wajawazito kwenye hospitali za wilaya. Kuna utafiti ulichapishwa 2009, ulifanyika Mwanza na Kigoma, ukalinganisha upasuaji wao wa uzazi na wa madaktari wenye digrii, haukuona tofauti ya maana. Siku hizi kozi yenyewe imeondolewa. Ngazi ile imetolewa, tabibu anayetaka kupanda amebaki na MD.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoniuliza, jibu langu ni hili: kama roho yako iko kwenye udaktari na kidato cha sita kimekuangusha, usije digrii nyingine ukitegemea itakusafisha. Haisafishi. Ama urudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ama uende diploma mapema ungali mdogo. Mimi hesabu yangu nimeipiga. Nikimaliza hapa nianze diploma, miaka mitatu, MD mitano, mafunzo ya vitendo mmoja, tisa hiyo. Mkopo wa digrii ya kwanza nimeshautumia, na nikipata kazi Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara. Ng'ombe wa kwetu wamebaki wanne na nina wadogo watatu nyuma yangu. Kurudia PCB ni nafuu, lakini nirudie Fizikia na nani? Shule niliyosoma siitaji, ila mwalimu wa Fizikia alifika tumebakiza miezi mitano, umeme wote tuliusoma kwa chaki.

Lakini wakubwa nao nawaambia, kama kuna mmoja anapita humu. Mtu akithibitisha baadaye kwamba somo analijua, lile la zamani linamng'ang'ania la nini? Sisemi ualimu uwe tiketi ya MD. Nasema kama kemia niliyofaulu chuo kikuu ni ngumu kuliko ya kidato cha sita, ihesabiwe kama kemia. Nibaki na deni la Fizikia tu, nilipe hilo. Waogopao kwamba wazembe watajaa wadi wanasahau kwamba MD yenyewe ina mitihani, asiyeweza atadisko mwaka wa kwanza kama wengine.

Maana hata huo mlango wa diploma si mweupe kama nilivyousifia. Kule nyumbani kuna tabibu mmoja wa zahanati, miaka minane kazini. Mvua zikinyesha ile njia yetu inakuwa udongo wa kuteleza, bodaboda hazipandi, Karatu mjini inakuwa mbali kama Dar, na yeye ndiye daktari, hakuna mwingine. Bibi yangu alipobanwa na kifua mwaka juzi ni yeye aliyekuja kwa miguu na tochi. GPA yake ya diploma inatosha. Lakini kwa MD mwenye diploma anatakiwa pia awe na D ya Hesabu na Kiingereza ya kidato cha nne, na yeye Hesabu ana F. Wakati anasoma utabibu haikumzuia, sasa ndiyo imeamka. Miaka minane ya kupima dozi za watoto kwa kilo zao, anaambiwa hesabu hajui.

Likizo iliyopita akaniita, "Mwalimu, njoo." Nikadhani anataka nimbebee dawa. Kumbe kajiandikisha mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne, Novemba, atakaa chumba kimoja na vijana, wengine aliwachanja mwenyewe. Tukawa tunakaa kwenye benchi la zahanati jioni wagonjwa wakiisha, mimi na chaki, ubao ni upande wa nyuma wa bango la chanjo. Nilipoondoka tulikuwa tumemaliza logarithimu, tumeingia maumbo. Anasema maumbo ndiyo yaliyomwua mara ya kwanza. Kila Jumapili namtumia maswali matano kwa simu, na ya wiki hii bado sijatunga, ngoja nikatunge.