Mtaala wa Taifa Uamuliwe na Taifa

Kila mara mzazi au mwalimu anapoupinga mtaala mpya wa shule, huambiwa mojawapo ya mambo mawili: ama haelewi, ama ametumwa na wanasiasa. Wasomaji wetu wanaijua lugha hiyo. Ndiyo waliyoambiwa wale waliodai mfumo wa vyama vingi kabla ya Kifungu cha 2A kufutwa katika Katiba mwezi Desemba 1991. Anayeuliza swali huitwa mchochezi, na swali lenyewe huachwa bila jibu.

Tuikumbuke historia. Mwaka 1981, tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoka Canada, ambayo ilikuwa imeundwa kuchunguza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili, ilipendekeza pia mfumo wa 8-4-4. Kufikia Januari 1985 mfumo huo ulikuwa umeanza kutekelezwa nchini kote, katika siku ambazo chama cha siasa kilikuwa kimoja tu kwa mujibu wa sheria. Wazazi waliagizwa wachange kwa harambee ili zijengwe karakana na vyumba vya sayansi kimu. Mwalimu aliyeona kwamba masomo ni mengi kupita kiasi alijua pia kwamba mwajiri wake ni Serikali, na kwamba kuta zina masikio. Akanyamaza.

Sisi ambao leo tumevuka miaka arobaini tu watoto wa mfumo huo. Twakumbuka kutumwa nyumbani tulete mbao, uzi na unga, nasi tukimjua fika mwenzetu ambaye kwao hapakuwa na cha kuleta. Mtaala ule ulirekebishwa mwaka 1992 na tena mwaka 2002, mzigo ukapunguzwa. Malalamiko ambayo yangeweza kusikilizwa mwaka 1985 yalikubaliwa baadaye, baada ya watoto kuubeba mzigo ule kwa miaka mingi.

Je, tulijifunza? Mtaala wa umilisi ulifanyiwa majaribio mwaka 2017, na Januari 2019 ukaanza kutekelezwa katika madarasa ya chini. Chama cha Walimu, KNUT, kilisema walimu hawajaandaliwa na vifaa havipo. Mwezi Aprili mwaka huohuo, baadhi ya walimu waliopinga mafunzo ya mtaala huo walichukuliwa hatua za nidhamu. Mwezi Septemba 2021, mzazi mmoja ambaye pia ni wakili aliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu. Ni baada ya uchaguzi wa mwaka 2022 ndipo liliteuliwa jopokazi, chini ya Profesa Raphael Munavu, kukusanya maoni ya wananchi. Ripoti yake ilitoka Agosti 2023.

Katika taaluma yetu ya sheria, hakimu anayetoa hukumu kwanza kisha akaita mashahidi hawezi kuitwa mwadilifu, hata kama hukumu yake ingetokea kuwa sahihi. Hapa mashahidi waliitwa miaka minne baada ya watoto kuingizwa darasani.

Na mashahidi hao walikuwa na la kusema! Baada ya kusikilizwa, idadi ya masomo ilipunguzwa, na madarasa ya Sekondari Msingi yakawekwa katika shule za msingi, karibu na nyumbani. Mwezi Aprili 2025, baada ya umma kupinga mpango wa kuifanya hisabati kuwa somo la hiari kwa wanafunzi wengi wa Sekondari Pevu, Wizara ilitangaza kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati ya namna moja au nyingine. Wale walioambiwa hawaelewi ndio walioiona kasoro. Mwenye mzigo ndiye ajuaye uzito wake.

Tusieleweke vibaya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi Serikali ya kitaifa viwango vya elimu, mitaala na mitihani, nasi hatutaki kila kaunti iwe na mtihani wake. Ni haki mtoto wa Lodwar apimwe kwa kipimo kilekile anachopimiwa mtoto wa Nairobi. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 10, inamfunga kila afisa wa umma kuwashirikisha wananchi. Na katika Kifungu cha 56 inaitaka Serikali iwape waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Kipimo kimoja kwa watoto ambao wamenyimwa vifaa sawa huhalalisha dhuluma kwa muhuri wa mtihani. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 huambiwa achague njia ya masomo kwa kadiri ya kipawa chake. Ikiwa shule anayoimudu haina maabara wala mwalimu wa fizikia, aliyemchagulia ni umaskini wa wazazi wake.

Makanisa nayo yasikae kando. Tangu Sheria ya Elimu ya 1968, shule nyingi walizozijenga wamisheni na waumini ziko chini ya Serikali, na Kanisa limebaki mfadhili. Lakini Kanisa lina kumbukumbu ya kufaa katika jambo hili. Baada ya mzozo wa mwaka 1929 kati ya misheni na waumini wa Mkoa wa Kati, wazazi walioona hawasikilizwi waliondoka, wakajenga shule zao huru kwa mikono yao, hata wakafungua chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939. Mzazi asiposikilizwa haachi kuwa mzazi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, badiliko lolote la mtaala litangazwe kabla ya kutekelezwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na gharama itakayomfikia mzazi. Pili, mwalimu yeyote asiadhibiwe kwa kusema ukweli kuhusu darasa lake. Tatu, mtoto asifungiwe njia yoyote ya masomo kwa sababu shule yake haijapewa walimu na vifaa.

Nanyi wasomaji, msingoje jopokazi jingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua bodi za shule na vyama vya wazazi. Hudhurieni mikutano hiyo, ulizeni, na mhakikishe maswali yenu yameandikwa katika kumbukumbu. Waumini wanakumbuka kisa cha Rehoboamu, mwana wa Sulemani: watu walimwomba awapunguzie nira, naye akawapuuza wazee waliomshauri awasikilize, akaahidi kuiongeza. Ufalme wake uligawanyika. Watu wale hawakuwa wamekataa kutawaliwa. Waliomba tu wasikilizwe.