Gari Imekataa Kuwaka Baada ya Kutoa Alamu? Usinunue Stata Bado

Wasee, leo nasema kitu ambacho mafundi wengine hawatafurahia. Kama gari ilikuwa inawaka poa hadi siku alamu ya kuongezwa ilipotolewa, halafu ikakataa, kitu cha kwanza kukagua ni kazi iliyofanywa siku hiyo. Si stata. Si kompyuta ya gari. Si "bahati mbaya".

Alamu tunazowekewa baada ya kununua gari hazipigi kelele tu. Nyingi pia huzuia gari isiwake. Fundi anakata waya moja, mara nyingi ile inayotoka kwa swichi ya ufunguo kwenda stata, ama ile ya pampu ya petroli, kisha anaweka rilei katikati. Alamu ikiwa imefungwa, rilei inatenganisha hizo ncha mbili. Ukibonyeza rimoti, zinaungana. Sasa mtu aking'oa kile kisanduku bila kuunganisha waya iliyokatwa, amekuachia daraja lililobomoka. Gari ni nzima, lakini umeme hauna pa kupita.

Binamu yangu anaendesha teksi, na gari iko kwa mkopo. Kila wiki lazima alipe, gari iwe barabarani ama iwe imelala. Alamu ilikuwa inalia ovyo usiku, akaitisha itolewe. Asubuhi yake anazungusha ufunguo, taa za dashbodi zinawaka, lakini stata kimya. Aliyeitoa akamwambia stata imekufa, alete doo ya nyingine. Fundi mwingine akafungua plastiki ya chini ya usukani, akapata ncha mbili za waya zinaning'inia, kila moja imefungwa tepu kivyake. Akaziunganisha, gari ikawaka. Siku tatu za kazi zilikuwa zimeenda. Hizo nani analipa?

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, anza hivi.

Betri kwanza. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12, ichaji kabla ya kulaumu chochote. Kaza vichwa vyake, kwa sababu kazi ya alamu mara nyingi huanza na kufungua betri. Kagua fyuzi pia.

Kisha sikiliza. Stata haigeuki kabisa? Kama gari ni otomatiki, jaribu kwa N, halafu fuata waya ya stata. Stata inageuka lakini injini haishiki? Fuata waya ya pampu na ile ya kuwasha plagi. Kwa magari mengi, si yote, ukiweka ufunguo kwa ON utasikia pampu ikinguruma sekunde moja au mbili kule nyuma.

Angalia pia taa ya ufunguo ama kufuli kwa dashbodi. Ikiendelea kumetameta hata ukiwa kwa ON, huenda gari haitambui chipu ya ufunguo. Huo ni ulinzi wa kiwandani, si ile alamu ya kuongezwa. Jaribu ufunguo wa pili.

Ukipata waya iliyokatwa, toa terminali hasi ya betri kwanza. Iunganishwe kwa risasi ya kulehemu ama kiunganishi cha kubana, kwa waya ya unene uleule. Kusokota na tepu peke yake ni kujitafutia moto. Na waya za manjano chini ya usukani, usiziguse: mara nyingi ni za mfuko wa hewa.

Najua jibu la mafundi: waya hufichwa, na zingine zote huwa rangi moja, ili mwizi achanganyikiwe. Ni sawa, mfiche mwizi. Lakini mwenye gari si mwizi. Na sisemi kila fundi ni mjanja. Wengi wanarithi kazi ya mtu aliyefunga alamu miaka mingi iliyopita bila kuacha hata alama. Ndiyo maana nasema tubadilishe mazoea. Anayefunga alamu akuandikie ni waya gani amekata na rilei iko wapi. Anayeitoa asilipwe kabla gari haijawaka mbele yako mara kadhaa, ikiwa imezimwa kabisa kila mara.

Karatasi moja na simu ya kupiga picha, hiyo tu. Fundi akikataa hata hilo, chukua ufunguo wako utafute mwingine. Wewe fundi wako alikuachia maandishi yoyote? Niambie hapo chini.