Mtoto wa Shamba na Ardhi ya Wenzake

Wanasiasa wengi hujinadi kuwa watoto wa wakulima kampeni zikianza, kisha jembe linawekwa pembeni. Joh Bjelke-Petersen hakuwa wa aina hiyo. Alizaliwa New Zealand mwaka 1911 katika familia yenye asili ya Denmark, akakulia karibu na mji wa Kingaroy, jimbo la Queensland nchini Australia, kwenye udongo mwekundu unaostawisha karanga. Polio ya utotoni ilimwachia kilema cha kuchechemea. Shule aliiacha mapema, na kwa takriban miaka 15 aliishi peke yake katika banda kuukuu la kukamulia ng'ombe huku akifungua shamba.

Akili ya kazi alikuwa nayo. Alichukua mnyororo mzito wa nanga ya meli, akaufunga kati ya matingatinga mawili yaliyokwenda sambamba, na kila mti uliokuwa katikati ukang'oka. Vichaka vilivyokuwa vikiwamaliza watu nguvu kwa shoka vikaanza kulala kwa kasi mpya. Akawa anasafisha hata mashamba ya wengine kwa malipo.

Mtu wa namna hiyo alistahili kusikilizwa. Mwaka 1946 alichaguliwa diwani, mwaka uliofuata akaingia bunge la jimbo, na Agosti 1968 akawa Waziri Kiongozi wa Queensland. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 19.

Wafuasi wake husema alidumu kwa uchapakazi. Upo ukweli: migodi ya makaa ya mawe ilipanuka, na kodi ya mirathi ikafutwa. Lakini tazama kura. Queensland iligawanywa kwa kanda, na kura ya kijijini ilikuwa na uzito zaidi kuliko ya mjini. Mwaka 1972 chama chake cha Country kilipata asilimia 20 ya kura na viti 26. Chama cha upinzani cha Labor, kwa karibu asilimia 47, kikaambulia viti 33 kati ya 82. Country, chama cha tatu kwa kura, kikaongoza serikali ya muungano. Haki isemwe: kanda hizo zilianzishwa na Labor wenyewe mwaka 1949, zikaja kuwageukia.

Kiongozi asiyeogopa sanduku la kura huanza kuwaona wapinzani kama vichaka vya kusafishwa. Mwaka 1971 alitangaza hali ya hatari ili timu ya raga ya makaburu wa Afrika Kusini icheze bila kusumbuliwa na waandamanaji. Mwaka 1977 akapiga marufuku maandamano barabarani.

Kisa kinachouma zaidi ni cha John Koowarta, mzawa wa asili wa Australia, wa jamii ya Wik. Mwaka 1976 yeye na wenzake walitaka kupata, kwa njia halali ya ununuzi, ardhi ya kufugia ng'ombe kando ya Mto Archer, nchi ya mababu zao. Serikali ya Bjelke-Petersen ilikataa, kwa kuwa haikutaka wazawa wamiliki maeneo makubwa. Koowarta alishtaki na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Australia ikampa ushindi, lakini serikali ikaigeuza ardhi hiyo hifadhi ya taifa. Mtu aliyetolewa bandani na ardhi aliwanyima wengine ardhi. Ukulima wake wa kweli haukumfundisha kumwonea huruma mfugaji mwenzake.

Uchunguzi wa Tony Fitzgerald kuhusu rushwa ya polisi, ulioanza mwaka 1987, ndio uliotikisa utawala huo. Bjelke-Petersen alijiuzulu Desemba mwaka huohuo. Mkuu wake wa polisi, Terry Lewis, alifungwa. Kwenye uchaguzi wa mwaka 1992 kanda za zamani hazikuwepo tena. Nyongeza ya uzito ilibaki kwa majimbo ya uchaguzi yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, ambako umbali ni tatizo la kweli kwa mbunge na mpiga kura. Koowarta alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, ardhi ya Mto Archer ikiwa bado mikononi mwa serikali.