Jua la Wema tulitumie kabla ya masika

Mwandishi wa makala ya kupambana na magugu ameliruka jua, na sisi wakulima wa Wema na Garsen, huku Tana River, tunalo la kumwaga. Jaacov Katan na wenzake wa Israeli walichapisha mwaka 1976 habari za kutumia joto lake kusafisha udongo: lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu, uuache uive wiki 4 hadi 6. Mbegu nyingi za magugu hufa, pamoja na ukungu wa mnyauko na minyoo fundo ya tabaka la juu. Nailoni iwe angavu, si nyeusi. Nyeusi huyanyima magugu mwanga, lakini haipashi udongo moto kiasi hicho. Na udongo usiwe mkavu, maana unyevu ndio unaopeleka joto chini. Kingo zifukiwe barabara.

Kwetu wakati wake ni Januari hadi Machi. Tatizo ni kwamba huo ndio msimu ambao mifugo hushuka mtoni, na kwato haziijui nailoni. Kwa hiyo anzeni na kitalu cha nyanya au sukuma kilichozungushiwa miiba, msijitie kufunika shamba zima. Ndago nayo ni sugu. Mizizi yake ya chini huponea, itabidi jembe tu.

Wenye mpunga hawahitaji nailoni. Maji yaliyotuama jarubani huzamisha magugu mengi.

Maofisa wa kilimo wa kaunti, tuleteeni shamba la mfano kabla ya mvua za Aprili.