Sukari ya Mimba na Chungu cha Nyumbani



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulikosa ndani yake. Mwenye kutumbukia shimoni kisha akanyamaza huwaachia wenziwe shimo lile lile.

Katika mtaa wetu yuko binti aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu mpaka akakhitimu, kisha akaolewa, na Mwenyezi Mungu akamruzuku mimba ya kwanza. Mimba ilipopata miezi 6 tukasikia kuwa hana nguvu. Basi tukatwaa chupa ya asali tukampelekea, tukamwambia: "Mwanangu, kunywa hii asubuhi na jioni." Akaipokea kwa mikono miwili, akasema: "Ahsante, Maalim, Mungu akuzidishie." Hakuongeza neno.

Kumbe siku 3 kabla ya hapo alikwisha ambiwa kliniki kwamba ana kisukari cha mimba. Khabari hiyo hakumwambia yeyote ila mumewe. Aliogopa watu wasije wakasema kuwa ni ulafi wake wa vitamu, au kuwa ametupiwa jicho. Kwa hiyo aliendelea kunywa uji wa sukari aliokorogewa na mavyaa wake, na kula wali aliopakuliwa "wa watu wawili", na kulamba asali ya maalim wake. Kwani kwetu mke mwema harudishi chakula cha mavyaa, wala mwanafunzi harudishi zawadi ya mwalimu. Baada ya wiki 2 vipimo vikawa vibaya kuliko vya kwanza. Muuguzi alipomwuliza anakula nini, binti akalia.

Mumewe alitujia usiku baada ya Isha, akatueleza kwa haya nyingi. Tulifedheheka. Kesho yake tukamwendea daktari tumjuaye, tukakaa mbele yake kama watoto wa chuoni wakaavyo mbele yetu. Hayo aliyotufunza ndiyo tuwapayo leo.

Jambo la kwanza ni kuwa maradhi haya si adhabu, wala si jicho, wala hayaletwi na kipande cha halua kilicholiwa siku ya harusi. Mwanamke akichukua mimba, kondo la mtoto hutoa homoni ambazo hudhoofisha kazi ya insulini. Insulini hutoka katika kongosho, nayo ndiyo huifungulia sukari mlango itoke katika damu iingie mwilini ikawe nguvu. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza kazi ikatosha. Kwa wengine haitoshi, na sukari ikabaki katika damu. Mwenye ndugu wa damu wenye kisukari, au aliye mnene, au aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa sana, yuko karibu zaidi na khatari hii. Lakini hata kijana mwembamba huweza kupatwa.

Tena walio wengi hawaoni dalili yoyote. Ndiyo sababu hupimwa, aghalabu kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mja mzito huenda bila ya kula tangu usiku, hutolewa damu, hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Msiwazuie wake zenu na binti zenu kwenda kupimwa kwa kusema "mbona hana ugonjwa".

Jambo la pili ni khatari yake. Sukari ya mama hupita katika kondo ikamfikia mtoto. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, akanenepa kupita kiasi. Kuzaliwa kukawa kugumu, bega likaweza kukwama, na baada ya kuzaliwa sukari yake ikaweza kushuka ghafla. Mama naye huwa karibu zaidi na maradhi ya presha ya mimba. Twayataja haya si kwa kutisha, maana wanaojiangalia na kuangaliwa, wengi wao huzaa salama. Twayataja ili mtu asipuuze.

Jambo la tatu ni chakula. Wapo wanaodhani kuwa dawa ni kujinyima. Sivyo, mja mzito asikae na njaa. Mpango ni huu: nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, kisamvu au bamia, robo iwe samaki, kuku, mayai au kunde, na robo iliyobaki iwe wali, ugali au muhogo. Unga wa dona wafaa kuliko sembe. Chai inywewe kwa tangawizi au mchaichai bila ya sukari. Maji ya miwa, soda na sharubati huipandisha sukari kwa haraka, basi ayaache. Na baada ya kula atembee dakika 10 au 15, ikiwa daktari hakumkataza.

Ama asali, hapo ndipo tulipokosa. Qurani imeitaja asali kwa wema wa kuponya, nasi twaamini bila ya shaka. Lakini maji nayo ni uhai, wala hatumnyweshi maji mtu aliyetolewa baharini akiwa amezama. Kila dawa ina mgonjwa wake, na asali kwa mwenye sukari nyingi katika damu ni sukari juu ya sukari. Tende nazo ni vivyo hivyo: azile kwa kiasi atakachopewa na daktari.

Ikiwa chakula na mwendo havikutosha, daktari huweza kumpa vidonge au sindano za insulini. Wapo wanaokhofu kuwa insulini yatokana na nguruwe. Zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imekuwako insulini itengenezwayo kwa bakteria, na nyingine hutengenezwa kwa hamira, nayo ndiyo iliyoenea leo. Mwenye shaka na amwulize daktari, wala asiiache dawa kwa kudhania tu.

Tena Ramadhani ilikuwa imekaribia, na binti alikuwa na azma ya kufunga. Tulimwambia kuwa Mola ambaye amefaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa, katika Suratul Baqara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, mja mzito akiikhofia nafsi yake hula, kisha hulipa siku zake. Na akimkhofia mtoto peke yake, hulipa na kutoa kibaba kwa kila siku. Kuishika ruhusa ya Mungu si udhaifu wa dini.

Sasa tuje kwenye chungu. Tulikwenda na mama watoto wetu kwa yule mavyaa, tukamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkwewe: "Mwanangu, mbona hukuniambia? Kumbe nakulisha maradhi kwa mkono wangu mwenyewe." Siku ile wakamtengea binti sahani yake, kwa kuwa katika sinia hakuna ajuaye kipimo cha tonge zake. Lakini alipokaa pembeni na sahani yake akaonekana kama mgeni katika nyumba yake. Mavyaa alipoliona hilo, siku ya pili akaleta sahani kwa kila mtu, yeye mwenyewe wa kwanza, na mboga ikawa nyingi kwa wote. Mumewe naye akaacha sukari katika chai. Toka hapo vipimo vikaanza kushuka.

Enyi jamaa, hili ndilo tulitakalo. Maradhi ni ya mmoja, lakini chungu ni cha wote. Haifai mgonjwa ale bamia peke yake na wengine wale kaimati mbele ya macho yake, kisha wamlaumu kuwa hana subira. Nanyi binti zetu, msifiche. Haya ni pambo, lakini si mahali pake hapa.

Alhamdulillahi, amejifungua salama mtoto wa kike. Sukari ya namna hii aghalabu huondoka baada ya kuzaa. Lakini lazima apimwe tena kati ya wiki 6 na 12, na baadaye kila mwaka au kila baada ya miaka michache, kwani kisukari cha kudumu huwapata wanawake hawa zaidi kuliko wenzao. Kunyonyesha nako kwamfaa yeye na mtoto wake.

Ile chupa ya asali imerudi kwetu ikiwa nusu. Tumeiweka rafuni karibu na vitabu vyetu, na kila tuionapo twakumbuka kwamba mwenye kutoa zawadi na aulize kwanza.

Wabillahi tawfiq.