MAREHEMU WETU NAO WAHESABIWE

Ndugu wananchi wa Ikungi, twauliza swali moja. Mwaka jana kijijini kwenu walikufa watu wangapi, na kila mmoja alikufa kwa maradhi gani? Ushuru wa mnadani unajulikana mpaka shilingi ya mwisho. Ng'ombe waliouzwa wanajulikana hata rangi. Makaburi hakuna aliyeyahesabu.

Wengi wetu twafia nyumbani. Hakuna daktari anayemtazama marehemu, wala karatasi inayoandikwa. Watu huchimba kaburi, huzika, hukaa matanga, kisha kila mtu hurudi shambani. Cheti cha kifo hutafutwa na wachache, nao hukitaka kwa ajili ya mirathi au mafao.

Lakini kifo hakikai bila sababu. Isipoandikwa ofisini, itatungwa kilabuni. Hivi karibuni tulikwenda kuhani msiba wa mkulima ambaye hakufika miaka hamsini. Alianguka katika shamba lake la alizeti, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukafa, na siku ya tatu akafariki. Udongo wa kaburi haujakauka, tukasikia neno lile lile: "Kuna mkono wa mtu." Jirani yake, bibi kizee mjane, hakuonekana matangani. Aliogopa. Nasi twajua alichokiogopa, maana huko Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, na wekundu ule ni moshi wa jikoni.

Singida yetu ina somo lake la zamani. Katika miaka ya 1940 watu walikutwa wameraruliwa. Wengine walisema ni simba wa porini; wengine wakasema ni watu waliovishwa ngozi za simba na kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ikanyonga watu. Hata hivyo mwaka 1962 Mmarekani Harold Schneider, mtaalamu aliyekaa na Wanyaturu, alikuwa bado akiichambua upya habari hiyo. Kifo kisichochunguzwa kwa wakati wake, kamba ya mnyongaji haiwezi kukieleza baadaye.

Dawa ya jambo hili ipo, wala si ngeni katika nchi yetu. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa Wizara ya Afya ulipeleka watu nyumba hata nyumba katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Waliwauliza waliomwuguza marehemu: Homa ilianza lini? Alikohoa kwa muda gani? Alipooza upande? Kama ni mama, alikuwa na mimba? Matabibu waliyasoma majibu na kuandika sababu iliyo karibu zaidi na ukweli. Ndipo ilipoonekana kwamba watu wa miaka 15 hadi 64 katika sehemu hizo walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa Uingereza na Wales. Maradhi tuliyodhani ni ya matajiri wa Ulaya yalikuwa yakiwaangusha wakulima wetu, nasi twawatazama majirani kwa jicho baya! Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa maswali ya namna moja kwa kazi hiyo.

Tusidanganyane. Maswali hayo hukosea kwa mtu huyu au yule, wala si hukumu ya mahakama. Lakini vifo mia vikiulizwa vizuri, huonyesha njia ambayo uvumi wa miaka mia hauwezi kuionyesha.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la vifo, na hata mtoto aliyeishi siku moja aandikwe. Pili, wahudumu wa afya wa vijiji wafundishwe kuuliza maswali hayo kwa adabu, matanga yakiisha. Tatu, hesabu isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, bila majina ya watu. Ikionekana presha ndiyo inayoua, tudai kipimo na dawa katika zahanati zetu. Ikionekana ni uzazi, tudai gari na mkunga. Asiye na hesabu atadai nini?

Nasi wanachama tuanze na ndimi zetu. Mwanachama anayesema "mkono wa mtu" msibani anamfanyia kazi adui ujinga.

Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu hafungi daftari la mahudhurio kabla ya kuuliza kwa nini mtoto hakuja. Je, mtu mzima asiyekuja tena kamwe, hastahili kuulizwa?