Tusikate Waya wa Ethi kwa Sababu ya Mlio



Kuna jambo ambalo sisi tunaohudumia vyombo vya kwaya hapa seminarini tumelinyamazia kwa miezi kadhaa, na leo tunalisema. Amplifaya ya gitaa la besi tunayoitumia kikanisani ilikuwa haina waya wa ethi. Haikutoka dukani hivyo. Tuliutoa sisi wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mazoezi ya Misa ya Dominika. Kila tulipochomeka besi ulitokea mlio, mmmm, ule unaowafanya walezi wageuke kutazama nyuma. Tulibadilisha kebo, tukapunguza sauti, mlio uko palepale. Ndipo mwenzetu mmoja alipokumbuka alichowahi kuona kwa mafundi wa muziki mtaani. Akafungua plagi ya pini tatu, akauchomoa waya wa kijani na njano, akaifunga tena. Mlio ukakoma. Tukampigia makofi.

Wiki chache baadaye mpiga besi wetu, ambaye pia huimba sauti ya nne, alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti huku vidole vikiwa juu ya nyuzi. Alipigwa shoti, akarudi nyuma na kuangukia benchi. Mdomo ulivimba siku mbili. Ni mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini kinachotusumbua mpaka leo ni maneno tuliyosema jioni ile: "Ni umeme mdogo tu." Tukaendelea na wimbo wa matoleo.

Haukuwa mdogo, na maelezo yake si magumu. Nyuzi za besi ni za chuma, nazo zimeungana na bodi ya amplifaya kupitia wavu wa waya ulio ndani ya kebo. Kama ndani ya amplifaya kuna hitilafu na umeme umegusa bodi, waya wa ethi huupeleka ardhini na fyuzi hukatika. Ukiutoa waya huo, bodi inabaki na umeme, na nyuzi pia, wala hakuna anayejua. Mpigaji anaposhika nyuzi hahisi chochote kama amesimama pakavu na amevaa viatu vya raba. Akigusa kipaza sauti, ambacho kimeungana na mikisa yenye ethi, umeme unapata njia. Njia hiyo ni mwili wake, kutoka mkononi hadi mdomoni, na moyo uko katikati. Hapa kwetu umeme wa nyumbani ni volti 230.

Kuna waliokufa hivyo. Mei 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa kipaza sauti ambacho hakikuwa na ethi nzuri, akafa akiwa jukwaani mbele ya watu. Alikuwa na umri wa miaka 27. Wengi wetu hapa tuna 24, 25, 26.

Tukilisema hili, jibu tunalopewa na baadhi ya mafrateri ni kwamba tuliitwa kuwa mapadre, si mafundi umeme. Tunalielewa, hata sisi tulilisema. Lakini tukienda likizo vigangoni, nani huchomeka vyombo siku ya Misa ya kipaimara? Ni frateri, kwa sababu katekista anaamini kwamba frateri amesoma. Huko kuna jenereta na ekstensheni ya matundu mawili isiyo na ethi kabisa, tena sakafu imetoka kupigwa deki. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba kwa Aristotle, katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, ufundi ni tabia ya kutengeneza kitu kwa kuongozwa na akili iliyo sahihi. Mtihani wa sehemu hiyo tulifaulu vizuri. Kisha tukaenda kikanisani na bisibisi.

Mlio wenyewe una tiba. Kwetu ulitokana na amplifaya kuchomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na mikisa kwenye soketi ya ukuta mwingine, huku kebo ikiviunganisha. Ethi zikawa mbili, zikafanya mzunguko, na mzunguko huo ndio unaolia. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja nzuri yenye ethi. Mlio ukibaki, tumia kile kisanduku kidogo cha kuunganisha besi na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha ethi ya kebo ya sauti. Hiyo inaruhusiwa. Ethi ya plagi ya umeme haiguswi.

Tukishafika hapo, mengine ni adabu ya kazi. Weka vitufe vyote sifuri. Chomeka besi kwanza, ndipo uwashe, ndipo upandishe sauti polepole. Ukimaliza, shusha sauti na uzime kabla ya kuchomoa jeki, maana ule mshindo wa "pu!" unaweza kuchana spika. Kama spika iko mbali na kichwa cha amplifaya, usiiunganishe kwa kebo ya gitaa. Kwa nje zinafanana, lakini ya gitaa ni nyembamba na inaweza kuungua.

Na sauti ya besi isipimwe na mpigaji. Uzi mnene wa besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kikanisa chetu chenye pembe za saruji hulikusanya na kulirundika. Amplifaya ikiwekwa pembeni, watu wa viti vya nyuma hawasikii zaburi. Tuliisogeza hatua tatu kutoka pembeni, tukaiweka juu ya kiti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia namba 120, unakubali ala nyingine mbali na kinanda kikubwa cha mabomba iwapo zinafaa kwa ibada na zinawajenga waamini. Besi inayofunika maneno ya zaburi haimjengi mtu.

Tunachoomba ni kidogo. Katika saa za kazi za mikono, fundi umeme anayehudumia nyumba yetu apewe vipindi viwili kwa mwaka na mafrateri wote, si wanakwaya pekee. Na kila plagi ya kikanisani ifunguliwe itazamwe.

Yetu tuliifungua Jumamosi iliyopita. Tuliurudisha waya wa kijani na njano mahali pake, aliyekaza skrubu akiwa yuleyule aliyeutoa. Tukapeleka amplifaya kwa fundi, naye akakuta hitilafu ndani, kama tulivyohofia. Mpiga besi ameshaanza kuimba tena, ila bado anasimama mbali kidogo na kipaza sauti.